Mbasa Waliopanda Ruhuhu Wasishuke

Juzi mkamwana wangu alinunua mbasa mwaloni hapa Lituhi, akaniletea nimtengeneze, maana yeye ni mtu wa Kitai, mbali na ziwa, na samaki mkubwa anamtia woga. Nikampasua. Tumbo zima mayai, yameiva mpaka yanamwagika, na mto Ruhuhu huko umelala kama mgonjwa, maji ya kuvuka kuku.

"Mama, mbona umeweka kisu chini?" akaniuliza.

Nikamwambia samaki huyu alikuwa anangoja mto. Hakunielewa. Basi sogea wewe, nikueleze.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, jirani kabisa na pale mto unapoingia ziwani. Masika yakianza, ziwa hubaki na joto lake la kiangazi, lakini mto hushusha maji ya milimani, mekundu, baridi, yamebeba magogo na migomba ya watu. Mbasa hukusanyika pale mlangoni mwa mto, wazito kwa mayai. Hawapandi hovyo. Maji yakiwa vuguvugu na legelege, wanangoja. Yakipata nguvu na ubaridi, wanapanda kwenda kutaga kwenye changarawe huko juu.

Aliyejua siku yao ni bibi. Kila asubuhi, akishaosha muhogo wake uliovundikwa, harufu yake bado iko puani mwangu, alisimama mguu mmoja ziwani, mwingine mtoni. Sisi watoto tulimwiga tukaangushwa na mkondo. "Bado," alisema, "mto haujapoa." Hadi siku aliyouchomoa mguu wa mtoni kama ameumwa, akapiga yowe: "Wanapanda!" Yowe likapokewa nyumba hadi nyumba, wanaume wakatoa nyavu zote mlangoni. Walinung'unika, lakini walitoa. Bibi alikuwa na msemo wake: "Anayepanda ana mimba, mpishe. Anayeshuka ni wako." Tulikula ugali na matembele mpaka ulimi ukachoka. Kisha mbasa walishuka, wamekonda, wamemaliza kazi yao, na kijiji kizima kikanuka samaki wa kuchoma. Usiniambie kuna sikukuu kuishinda hiyo.

Mjomba, kitinda mimba wa bibi, alilima huko juu kwenye kona ya mto. Masika yote alikuwa haishi kuja kwetu, na muwa begani. "Mama, mto unasemaje leo?" Bibi aliyeyuka kwa swali hilo. Alimwambia yeye kabla ya kijiji. Mwanangu ananijali, alisema.

Mwaka mmoja nyavu zilitolewa kama kawaida, tukangoja wanaoshuka. Hawakushuka. Jirani yetu mvuvi, mwenye watoto wengi, akaanza kuchokoza: "Bibi, samaki wako wamehamia Songea?" Bibi akacheka. Kesho yake akanichukua twende kumsaidia mjomba kupalilia.

Moshi tuliunusa kabla ya kuiona nyumba. Kwenye kona ile uzio wa mianzi ulikuwa umekatiza mto, ng'ambo hadi ng'ambo, na kila tundu limewekewa mgono, mtego wa kusukwa ambao samaki akiingia hatoki. Uani mke wa mjomba alikuwa anageuza mbasa kwenye kichanja, mayai yamejaa sufuria mbili.

"Shikamoo mama," mjomba alisema. Bibi hakuitikia.

"Kumbe habari za mto ulikuwa unaniuliza kwa ajili ya haya?"

"Si wangeliwa na wengine tu, mama? Afadhali mwanao."

"Hao wengine wametoa nyavu kwa neno langu!"

"Sasa mimi nimewakataza kula?"

Bibi aliingia majini na kanga yake, akang'oa mianzi kwa mikono. Jioni alimweleza jirani kila kitu, bila kumficha mwanawe. Alidhani ukweli utamsaidia. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate. "Mama na mwana chungu chao kimoja. Watoto wangu wamelala njaa ili nyinyi mkaushe samaki."

Masika yaliyofuata bibi alipiga yowe lake. Hakuna aliyelipokea. Jirani aliongeza wavu wa pili, akasema kwa sauti, "Mpelekee mwanao habari hizo." Mbasa walinaswa mlangoni na mimba zao, mwaka ule na miaka iliyofuata. Bibi alirudi nyumbani akakaanga karanga kama hakuna kitu, zikaungua zote, tukazila hivyohivyo.

Siku hizi vijana wanasema jua limezidi, mvua zinachelewa, na huko juu watu wanalima mpaka ukingoni, mto unafika kwetu umechoka na una joto. Ndiyo maana mbasa wamepungua. Kweli, sibishi, tumbo la samaki nimeliona mwenyewe. Lakini huo ni mwisho wa habari, si mwanzo. Sisi tulianza na uzio wa mianzi. Mvua ikitugeuka, sina la kuidai, haikuzaliwa na mtu. Mjomba alizaliwa na bibi.