Sahani ya Norris Cudjoe

Dada yangu Telina hakuandikwa popote, kwa hiyo namwandika mimi. Katika kisiwa chetu kizima cha Carriacou hakuna aliyemshinda kushona tanga. Hata wanaume wa Windward, kijiji cha waunda majahazi, wenye kiburi chao, walimletea kazi huku wakijifanya wamepita kusalimia tu.

Mumewe, Norris Cudjoe, alikuwa baharia wa jahazi lililopeleka vibarua Trinidad, kwenye kambi ya Wamarekani. Agosti ya mwaka 1942 liliondoka na watu kumi na mmoja, na tanga aliloshona Telina mwenyewe. Halikufika.

Watu wakasema ni nyambizi za Wajerumani. Afisa wa serikali pale mjini Hillsborough alimwambia Telina kuwa wakati wa vita habari za vyombo ni siri, arudi nyumbani akamwombee Mfalme ushindi. Siku hiyo tulikuwa watu wa Mfalme. Siku ya kugawa unga wa ngano hatukuwa watu wa mtu.

Kwetu mfu hukujia ndotoni akadai chakula. Unampikia, unamwekea sahani yake chumbani, mlango unafungwa, haingii mtu mpaka asubuhi. Na chakula cha mfu hakitiwi chumvi, maana hawezi kukila. Mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua jina la gavana.

Miezi saba ikapita. Asubuhi moja Ma Zephrine, mama yake Norris, aliingia uani, kitambaa cha kichwani kimekwenda upande. Alisema mwanawe amemjia, nguo zinachuruzika maji, analia njaa.

"Mbona kwangu hakuja?" Telina akamuuliza. "Mimi ndiye niliyekuwa nampikia."

"Wewe umemfungia mlango, mwanangu."

Telina akakataa. Kumwekea sahani ni kumzika, alisema, na yeye hajaona maiti. Kisimani wakamsema: mume anashinda njaa chini ya maji, mke anatafuna kombe wa baharini, midomo inang'aa mafuta. Mmoja akamuuliza kama anamwekea Norris kiporo.

Kisha Ivy, binti yao wa miaka minne, akashikwa na homa. Dawa kisiwani zilikuwa zimekwisha na meli ya kuleta nyingine haikuja. Tulimkanda, tukamnywesha mchaichai. Siku ya tano hakumtambua mama yake. Ma Zephrine akampigia magoti Telina. Mkwe kumpigia magoti mke wa mwanawe! Sijaona tena maishani mwangu.

"Ni baba yake anamvuta, kwa njaa," akasema. "Mpe ale, amwachie."

Telina akamchinja jogoo wake wa mwisho. Akasonga sima ya mahindi na mbaazi, mimi nikichochea moto. Nikamwona anachota chumvi, konzi nzima, anaitia.

"Telina, unafanya nini?"

"Kama yu hai, atakula," akasema. "Kama amekufa, asile. Lakini simuui mimi."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilijua nililokuwa naliona. Nikanyamaza. Ukimya ule ninao mpaka leo.

Asubuhi mlango ulipofunguliwa, Ma Zephrine alionja wa kwanza, kama ilivyo haki ya mama. Akaiweka sahani chini polepole.

"Umemtilia mwanangu chumvi," akasema, kana kwamba anamweleza kiziwi.

Telina akamtazama Ivy kitandani, midomo imepasuka, macho yamegeuka juu. Hapo ndipo alipovunjika. Alitoka pekupeku, nyumba kwa nyumba, kijiji chetu kizima cha L'Esterre, akiomba kuku, akiapa kwamba safari hii atapika kama inavyopikwa. Alirudi na mtetea mmoja kwapani. Ivy alikuwa amekwisha kufa, na mtetea yule tulilazimika kumtoa mikononi mwa Telina kwa nguvu.

Mwaka mzima Ma Zephrine hakumsemesha. Siku ya kumkumbuka Ivy ilipofika, Telina alipika vyungu viwili na kupakua sahani mbili. Kabla mlango haujafungwa, bibi akaingia bila kualikwa. Akachovya kidole katika sahani ya Ivy, akalamba: haikuwa na chumvi. Akachovya katika ya Norris, akalamba: ilikuwa na chumvi. Nilidhani ataimwaga.

"Imepungua," akasema, akanyoosha mkono apewe kikopo cha chumvi.