Laurenti na Malale Yasiyokuwa Yake

"Usingizi ni wa wanawake wanaonyonyesha na wa majumbe!" Laurenti alitangaza barazani Mitundu, jumbe mwenyewe akiwa ameketi pale pale. "Mimi nikiingia porini kurina asali, jua linazama mara tatu kabla sijafumba jicho." Watu wakacheka, jumbe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na Laurenti, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mizinga minne tu, akarudi nyumbani akitembea kama mwenye mia.

Miaka mitatu baadaye alikuwa analala hata akitafuna. Si kulala kwa mvivu. Mvivu huchagua kivuli. Yeye usingizi ulimkamata popote: tonge mkononi, jembe begani, katikati ya neno. Muda wa kuchemsha mlenda ukipita, anaamka macho makavu kama aliyelala usiku kucha, anamalizia lile neno. Akicheka sana ndiyo balaa: taya linalegea, magoti yanakunjika, anashuka chini kama gunia lililofunguliwa, huku anasikia kila mnachomsema. Na alfajiri nyingine aliamka hawezi kusogeza hata kidole, anaona mtu amemkalia kifuani.

Mganga alikula mbuzi wawili, akasema ni mizimu ya upande wa mama. Mkewe Damari hakula mbuzi, aliangalia tu. Akaona usingizi ule una saa zake, kama ng'ombe wa kukamuliwa: ukiutoa kidogo mapema, hausumbui. Basi kabla ya kupanda mti Laurenti alilazwa kidogo pale chini, mkewe akiwa kando. Hakupewa ugali wa kushiba kabla ya kazi. Akifika juu alijifunga kwenye shina kwa kamba ya gome, na ilikuwa mwiko kumchekesha mtu aliye mtini. Akikaliwa kifuani alfajiri, Damari alimgusa unyayo na kumwita jina, akafunguka. Hakupona. Lakini kwa mtindo huo mizinga minne ikawa thelathini na miwili, na hakuanguka hata mara moja.

Mwaka 1937 Serikali ikaleta dresa, mchoma sindano wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, maana mbung'o wanaoueneza walijaa pori lote na watu walikuwa wanakufa kweli. Aliitwa Filipo, kijana ambaye kofia yake nyeupe ilimsamehe kuamkia wakubwa. Watu walipangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakatobolewa vidole, damu ikatazamwa kwenye darubini kutafuta wadudu wa malale.

Nyuma ya Laurenti alisimama Kefa, Mgogo, mtani wake. Na mtani hanyamazi hata msibani.

"Papasa vizuri, bwana dresa," Kefa alisema. "Kuku huyo anakaribia kutaga!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Laurenti aliuma ulimi, akashindwa. Taya, magoti, chini. Na usingizi ukamkuta hapo hapo chini.

Filipo akafungua daftari.

"Bwana dresa, hayo si malale," Damari alisema, akitoka kwenye mstari wa wanawake. "Mtu wa malale anasinzia miezi, anakonda. Huyu wangu ataamka sasa hivi adai chakula."

"Mama, umesoma chuo gani?"

"Nimeishi naye miaka kumi na minne. Damu yake umeionaje?"

"Safi."

"Basi?"

"Basi wadudu wamehamia kichwani," Filipo alisema huku akiandika.

Laurenti akafumbua macho. "Tumefika wapi?" akauliza. Kefa akamshika mkono, akamwinua.

Wakampeleka kambi ya wagonjwa, mwendo wa siku mbili kwa miguu, Damari nyuma yake. Sindano kila wiki. Baada ya sindano ya tano, moshi ukaingia machoni bila moto.

"Bwana dresa, sikuoni vizuri."

"Dawa inafanya kazi."

Baada ya ya nane: "Bwana dresa, sikuoni."

Damari akaukamata mkono wenye sindano, mbele ya wagonjwa wote. Askari akamburuta nje. Ya tisa ikachomwa.

Daktari Mzungu alipopita, alitoa maji ya uti wa mgongo, akayatazama, akayarudia, akauliza kitu kwa Kiingereza, na Filipo akaitikia ndiyo mara tatu. Maji yalikuwa safi. Ikaandikwa: amepona. Katika kambi nzima hakuna aliyepona vizuri kama yule ambaye hakuwa mgonjwa.

Laurenti akarudi Mitundu ameshika bega la mkewe. Usingizi nao ukarudi, mzima, haukuguswa na sindano hata moja. Kuanguka kwa kicheko tu ndiko kulipungua. Cha kuchekesha kilikuwa wapi? Damari aliendelea kumlaza kwa saa zake, na aliamka vizuri kama zamani.

Msimu wa asali ulipofika, akataka kupanda. Damari akamlaza kwanza, akamfunga kamba, akasimama chini akimwelekeza: kulia, juu kidogo, hapo. Laurenti akapapasa tawi, akapapasa tena, akaushika mzinga kwenye mlango wake. Nyuki walimuuma uso na mikono mpaka wakamteremsha.

Wiki ile ile akaja mnunuzi kutoka Itigi, akaizungukia yote thelathini na miwili. Damari ndiye aliyepatana naye. Kila mzinga ulikwenda kwa bei ya kutupa, senti ishirini.