Mwezi Niliomchagulia Mama

Watu wakinipigia simu kuniuliza waje Tanga mwezi gani, najibu haraka na kwa ukali kidogo: njoo kipupwe, kuanzia mwezi wa sita, upepo wa baridi, njia kavu, machungwa ya Muheza yamejaa sokoni. Usije masika. Wengine wanadhani naringa kwa sababu mji ni wangu. Siringi. Ni hofu, na ina miaka mitatu sasa.

Mwaka huo mama alitaka kuja kunitembelea. Ni mkulima wa milimani, Usambara, mjane, Mlutheri wa kusali alfajiri. Kipupwe hatoki shambani, anavuna. Kaskazi alishawahi kuja, joto likamlaza siku nne akipepewa. Yakabaki masika. Akaniuliza kwenye simu, "Mwezi wa tano huko mvua imekatika?" Nikamjibu imebaki manyunyu tu. Wakati huo nilikuwa nimesimama dirishani namtazama kuku wa jirani akitafuta pa kukanyaga. Nilimdanganya mama yangu mzazi kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka, na mtu aliyekumbuka mno hana akili.

Alifika na kiroba cha viazi. Siku ya pili mvua ikaanza kupiga, haikupumzika. Mama hakushtuka. "Mvua naijua mimi," alisema, akaendelea kuchambua mboga huku akiimba nyimbo zake za kanisani. Mvua aliyoijua ni ile ya milimani, inayonyesha kisha ikashuka zake bondeni. Ya kwetu haina pa kwenda. Inakaa uani na kupanda taratibu.

Uani kwangu kulikuwa na shimo jipya la choo, kina chake mtu na nusu. Fundi alikuwa amelifunika kwa mbao akisubiri masika yaishe ndipo amwage zege. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta mbao zinaelea huko ukutani, na shimo halionekani. Mtaani kwetu kuna desturi: masika yakiingia, kila shimo huchomekewa fimbo ukingoni na kufungwa kitambaa chekundu. Hata mtoto anajua fimbo hiyo haiguswi. Nikachomeka fimbo ya mpera. Kitambaa sikufunga. Kitambaa kingemfanya mama aulize, nami ningelazimika kukiri kwamba manyunyu yangu yamefunua kaburi uani. Nikajiambia nitamweleza nikirudi sokoni.

Niliporudi, adhuhuri, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mama alikuwa katikati ya ua, maji yamempita magoti, kanga ameikunja kiunoni. Mkononi alikuwa ameshika fimbo ya mpera.

Nilitafuta kwa macho mahali fimbo ilipokuwa, nikaona maji tu, rangi ya chai ya maziwa, kote sawasawa. Nilijua shimo liko kati ya mpapai na kamba ya nguo. Mama naye alikuwa kati ya mpapai na kamba ya nguo.

"Mama, simama hapo hapo."

"Natafuta pa kuyatolea maji haya," alisema bila kugeuka. "Kwetu mtu hakai akayatazama maji, anayachimbia njia. Ya kwenu yanaelekea wapi?"

"Usiinue mguu, mama. Nakuomba."

Nilitaka kumkimbilia, nikaogopa kwamba nikikimbia naye atanifuata, atakanyaga pasipo na chini. Nikashika fremu ya mlango. Ndani ya hofu hiyo nilijikuta nimeshaanza kupanga maneno ya kuwaambia ndugu zangu, na hilo likanitisha kuliko shimo lenyewe.

Mama akageuza shingo, akanitazama usoni. Akafanya kama wafanyavyo kwao wakivuka mto: akaitanguliza fimbo. Akagusa kulia, tope. Akagusa kushoto, tope. Akagusa mbele yake, hatua moja tu kutoka vidole vyake vilipokuwa, na fimbo ikazama mpaka mkono ukaingia majini hadi kwenye kiwiko.

Alirudi kinyumenyume, polepole, palepale alipokuwa amepita, mpaka kizingitini. Nikamshika mkono. Hakuushika wangu wala hakuuondoa wake.

"Shimo hili ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, mama."

"Na mvua?"

"Nayo nilikuwa naijua."

Hakunigombeza. Ningeona nafuu angenigombeza. Alichana pindo la kanga yake, akalifunga kwenye ncha ya fimbo, akavuta fundo kwa meno. Kisha akanikabidhi, akasema twende tukairudishe kabla mtoto wa watu hajakatiza hapa. Nikatangulia mimi, napima tope hatua kwa hatua, yeye nyuma yangu amenishika shati kwa mikono miwili. Nilipoupata ukingo na kuinama kuichomeka fimbo, nilihisi shati linatikisika mgongoni. Nikadhani ni upepo. Ilikuwa mikono ya mama, yule anayeijua mvua, na hakuniachia mpaka tulipoingia ndani na kufunga mlango.