Kwa nini tulikubali kufungwa tisa Dumila: msimu wa mwisho wa mpwa wangu

Tarehe 12 Machi, mwaka jana, siku ya Jumatano, nilimpoteza mpwa wangu Shabani. Homa ya siku nne. Kuhusu ugonjwa sitasema zaidi ya hapo.

Wakuu, salaam kwenu. Humu huwa nasoma tu, sichangii. Leo naandika kwa sababu kuna watu mjini Morogoro bado wanacheka ile timu ya chuo iliyokwenda Dumila na watu saba ikarudi na mabao tisa. Nilikuwepo. Nitaeleza nilivyoona, na pale kosa lilipokuwa langu nitasema ni langu.

Mimi ni fundi viatu. Elimu yangu ni darasa la saba. Nakaa Bigwa, na kibanda changu cha kushonea kiko mjini. Shabani alipoingia chuo akaanza kuniletea njumu za wenzake nizishone, baadaye mipira, mwisho nikajikuta mimi ndiye mtunza vifaa wa timu. Hakuna aliyenipa barua. Nilipewa begi la jezi tu.

Ligi yenyewe ilikuwa ya vyuo vya kanda. Timu nane, nyumbani na ugenini, michezo kumi na nne. Shabani alikuwa mshambuliaji wa kati. Hadi anaumwa tulikuwa tumecheza kumi, tuko nafasi ya tatu, na yeye ameandikiwa magoli saba.

Hakuwa na chenga nyingi. Kazi yake ilikuwa kusimama mahali ambapo mpira utaangukia. Sijui alijuaje.

Tulimzika juu mlimani, shamba la ukoo, kati ya karoti na kabichi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mwenye msiba nilikuwa mimi mjomba. Timu nzima ilipanda kwa miguu kwenye utelezi, wamevaa jezi. Baada ya maziko walibadilisha nguo kwangu, jezi zikarudi kwenye begi.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo.

Watani walikuwa wamekuja. Kwa msiojua, mtani msibani ana ruhusa ya kutukana, kumuiga marehemu, na kuondoka na kitu cha mwenye msiba mpaka umkomboe. Na hairuhusiwi kumkasirikia. Mtani wetu mkubwa ni Bibi Mwanne, Mzigua, anakaa Dumila. Pale kaburini alikuwa ameshapiga kelele:

"Huyu Mluguru kafa makusudi! Kaona Jumamosi atafungwa, kakimbia!"

Dada yangu, mama yake Shabani, alicheka huku analia.

Jioni yake Bibi Mwanne akalichukua begi la jezi, akalifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akaanza kulibembeleza. "Nyamaza mwanangu, wajomba zako hawajui mpira." Akaondoka nalo hivyo hivyo hadi Dumila.

Nilicheka, wakuu. Mara ya kwanza tangu Jumatano.

Nilisahau kwamba mfuko wa pembeni wa lile begi ndimo ninamoweka leseni za wachezaji.

Nilikumbuka Jumamosi asubuhi, tuko uwanjani tayari na jezi za kuazima. Simu ya bibi haipatikani. Wapinzani wakagoma, na walikuwa na haki. Kamisaa wa mchezo akasema bila leseni hakuna mechi. Wakapewa ushindi wa mezani, sisi tukaandikwa hatukutokea.

Wachezaji hawakunilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Kanuni ya ligi ilikuwa hivi: timu isipotokea mara mbili inaondolewa, na matokeo yake yote ya msimu yanafutwa. Kuanza mechi bila kuimaliza kunahesabika sawa na kutotokea. Na ukibaki na wachezaji chini ya saba, mechi imeishia hapo.

Yote yanafutwa maana yake na magoli ya Shabani. Mfungaji wa timu iliyofutwa hayupo kwenye kitabu.

Jumapili nikaenda Dumila na jogoo.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, Mluguru. Huyo jogoo ni wa kienyeji au umeniletea wa kizungu?"

"Wa kienyeji. Bibi, ndani ya begi mlikuwa na leseni. Jana hatukucheza."

Akaingia ndani, akatoka na begi, jezi zimefuliwa zimekunjwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nacheka."

"Basi jogoo rudi naye."

Nikamwambia hapana, utamchukua. Mila haina kosa, kosa ni la aliyesahau. Akampokea, akanitukana kidogo ili mambo yakae sawa, tukaagana.

Jumatatu mkuu wa chuo akatuita, mimi na Mwalimu Anitha, mwalimu wa michezo. Alisema kwa upole kabisa, simsingizii.

"Mzee wangu, pole sana. Vijana wamevunjika moyo, na wa mwaka wa pili wiki ijayo wanaenda mafunzo ya field. Jitoeni kwa heshima."

Nikasema, "Mkuu, tukijitoa magoli ya marehemu yanafutwa."

"Ni magoli tu, mzee."

Tulipotoka nje Mwalimu Anitha akaniambia, "Fomu ya timu nimesaini mimi. Mpaka aniletee barua ya kujitoa, tunacheza." Hiyo barua haikuletwa. Nadhani na yeye mkuu alituacha tu.

Nilipanda kwa dada kumweleza. Yeye mpira haujui, hajawahi kukanyaga uwanjani. Akaniuliza, "Kaka, hayo magoli yameandikwa wapi?"

"Kwenye kitabu cha ligi."

"Basi yasifutwe."

Akaendelea kuchambua mboga. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya mwisho.

Mechi ya kwanza baada ya hapo tulikuwa kumi na mmoja, tukafungwa nne. Ya pili tulikuwa tisa, maana wa mwaka wa pili walishaenda field, tukafungwa tano. Watu mtaani wakaanza: "Mnaenda kufungwa lini tena, mzee?" Nikawa nawatajia siku na uwanja, waje. Sikuona sababu ya kujificha. Aliyefungwa amecheza.

Ya mwisho ilikuwa Dumila.

Wawili wakaumwa wiki ile ile. Tukabaki saba kamili. Hakuna wa akiba hata mmoja. Kuna kijana fundi baiskeli jirani yangu, mchezaji mzuri kuliko wote, akaniambia, "Mjomba, nipe leseni ya mmoja wa wale wagonjwa, nani ataangalia picha?" Nilimkatalia. Nilikuwa nataka jina la Shabani libaki kwenye kitabu, sikutaka likae karibu na jina la kughushi.

Tulipoingia uwanjani Bibi Mwanne alikuwa ameshakaa mbele kwenye kigoda chake, amejaza watani wenzake.

"Mluguru! Hao saba ni timu au ni wabeba jeneza?"

Uwanja mzima ukageuka kuniangalia.

"Wabeba jeneza, bibi! Jeneza lenyewe tumekuja kulichukua hapa kwenu!"

Wakaangua kicheko, na vijana wangu wakacheka. Nilihitaji wacheke.

Mapumziko tulikuwa tumeshafungwa nne. Kipindi cha pili, dakika ya sitini na kitu, kipa wetu Edgar aliruka, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikavimba pale pale tunaona. Refa akamwambia, "Ukitoka mnabaki sita, namaliza mchezo. Amua."

Nilikimbilia golini na barafu. Nataka niwe mkweli: nilitamani abaki, lakini nilimwambia atoke. Mguu ni wake, ana miaka ishirini.

Edgar akasema, "Mjomba, nisogeze kwenye mlingoti."

Tukamsogeza. Akaushika mlingoti kwa mkono mmoja, akasimama kwa mguu mmoja, mkono mwingine ameunyoosha. Alicheza hivyo hadi mwisho. Mpira ukija upande wake anaupiga ngumi. Ukienda upande wa pili anautazama.

La tano likaingia, la sita likaingia. Kisha nikaona nahodha wa Dumila anapiga nje makusudi. Akapiga nje mara mbili. Bibi Mwanne akasimama kwenye kigoda.

"We kijana! Unamhurumia nani? Funga! Kwani wamekuja hapa kuombewa dua? Wamekuja kucheza!"

Nilimshukuru moyoni kuliko wote walionipa pole msibani. Yule nahodha akafunga. La saba, la nane, la tisa. Kipyenga kikalia, tuko saba uwanjani. Mmoja ameshikilia mlingoti, lakini saba.

Vijana walimbeba Edgar. Mimi nikaenda mezani kwa kamisaa, nikamwomba anisomee ukurasa wa wafungaji wa chuo chetu. Akafungua, akaweka kidole. "Shabani. Magoli saba."

Nikasema, "Sita."

Akaniangalia. Nikamweleza. Katika mechi ya Kihonda lile la pili liligonga goti la beki wao. Shabani mwenyewe aliniambia siku ile ile, nikiwa namshonea njumu: "Mjomba, lile si langu. Nilimwambia refa, akaniambia nikae kimya." Ninyi mngefanyaje? Sikuweza kumwachia goli alilolikataa akiwa hai.

"Mzee, ripoti ya refa mimi siifuti."

"Usifute. Andika pembeni kwamba mjomba wake anasema ni sita."

Bibi Mwanne alikuwa nyuma yangu. "Waluguru bwana! Umepigwa tisa kutetea saba, umefika mezani unatoa moja!"

Kamisaa akacheka, akaona mimi sicheki, akaandika.

Wakuu, nililojifunza ni dogo. Kufungwa na kufutwa ni vitu viwili. Kufungwa tumefungwa, mkatucheka, chekeni tena leo ruhusa. Lakini ukifungua kile kitabu tupo, wa sita kutoka juu kati ya nane, na yeye yupo.

Kama kuna aliyewahi kuambiwa ajitoe kwa heshima, aje hapa aeleze alifanyaje. Na mnaosema ningekaa kimya na saba, semeni pia, nitasoma yote. Sibishani na mtu.

Ilivyoisha ni hivi. Tukiwa stendi ya Dumila tunasubiri gari, nilimpigia dada.

"Yapo mangapi?"

"Sita."

"Yameandikwa kwa peni au kwa penseli?"

"Kwa peni."

"Haya," akasema, akakata simu.