Mapafu ya Kuvundika

Mama mkwe wangu anauza ndizi sokoni Nkubu, na kwake hakuna kitu duniani kisichoweza kuivishwa kwa joto. Kwa hiyo uchungu uliponishika darasani Kaaga, chaki mkononi na mimba ikiwa ya miezi saba tu, mume wangu alimpigia simu mamake, naye akafika wodini nilikolazwa na mzigo wa mablanketi.

Daktari alikuwa ameshanieleza, nami nikamweleza mama mkwe kwa Kimeru. Mapafu ya mtoto huanza mapema sana, chipukizi dogo linalotokeza kwenye koo, kisha hutoa matawi na vijitawi mpaka kufikia vifuko vidogo vya hewa. Humo tumboni mtoto hufanya mazoezi ya kupumua, ingawa anachovuta ni maji. Ila utelezi unaozuia vifuko hivyo visigandamane huchelewa kuja, na wa mtoto wangu huenda haukuwa umetosha. Akizaliwa leo, daktari alisema, anaweza kushindwa kupumua. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu nyepesi. Mtoto hajaiva, basi avundikwe. Akafunga dirisha, akanifunika mpaka kidevuni, akaziba kila upenyo jinsi anavyoziba shimo la kuivishia ndizi. Mvumilivu hula mbivu, alinikumbusha, utadhani ni mimi niliyekuwa na haraka. Nesi alipokuja kunipima joto alidhani nina malaria.

Daktari aliporudi aliamuru mablanketi yote yaondolewe. Alisema nitadungwa sindano ya kuharakisha mapafu ya mtoto, na nipewe dawa ya kuchelewesha uchungu ili sindano ipate muda wa kufanya kazi.

"Daktari," mama mkwe akasema, "hiyo sindano si ni ya kuivisha? Sasa mbona mimi unanikataza?"

Daktari akamwachia blanketi moja. 

Uchungu ulisubiri siku mbili, kisha ukakataa kusubiri. Mtoto alitoka mdogo, midomo ya bluu, kimya. Nesi akamfuta, akamsugua mgongo, akamwekea kifuniko cha hewa usoni. Mimi nilikuwa navuta pumzi kwa nguvu zangu zote, kana kwamba zingemfikia. Halafu ikatoka sauti nyembamba, ikakatika, ikarudi na hasira.

Kwetu mtoto hafikishi kilio cha pili kabla ya kubembelezwa. Nesi, mzaliwa wa huku huku, akampakata na kuanza kumwambia nyamaza, nyamaza. Mlango ukafunguliwa kabla mtu hajaruhusu.

"Usimnyamazishe," mama mkwe akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta. "Mwache alie. Mwache alie mpaka achoke."