Papa Mjerumani Apata Nafasi Kubwa

Jirani yangu wa mtaa wa Point, Durban, alikuwa Mjerumani, mwigizaji wa jukwaa na filamu tangu ujana. Mimi msusi wa nywele, hata sikujua iko kazi ya namna hiyo: maisha yote kuwa tarishi, daktari, polisi anayepigwa risasi filamu haijakolea. "Sura yangu wanaijua," alisema kwa Kiingereza chake kizito, "mimi hawanijui." Alikuja Durban kuigiza, akaoa, mkewe akafa. Ujerumani alibaki mtoto wake mmoja wa kiume, aliyekuwa amekataa kuongea naye.

Kanisa letu la Wakongomani lilipoandaa mchezo wa mwana mpotevu, niliomba papa, ndivyo tunavyowaita wazee kwetu, apewe nafasi ya baba. Eish, alivyofurahi! Alitaka jambo moja tu: kuimaliza bila kukosea neno. Kila jioni nilimfundisha maneno yake ya Kiswahili jikoni kwangu, naye ananikaripia ati nasoma kama muuza nyanya. Mimi! Siku moja nusura nimfukuze na kikombe chake.

Jumapili ikafika. Fundi simu mmoja wa kwaya, aliyeigiza mwana, akaingia na matambara yake, akapiga magoti. Papa akamtazama tu. Nikamnong'onezea maneno, hakunisikia. Akaanza Kijerumani, machozi yanamwagika, anamwita yule fundi kwa jina la mwanawe.

Watu wangu wakalipuka! Kwetu mtu akifanya vizuri mbele, hatukai kumwangalia tu. Wamama wakapiga vigelegele, wakakimbia kumpangusa uso, wakamtandikia vitenge chini. Nikapiga kelele, "Acheni jamani, haigizi!" Nani anisikie? Fundi ndiye aliyeelewa. Akamkumbatia, akamwambia, "Nimerudi, papa."

Asubuhi yake nilimpelekea chai nikamkuta amevaa suti, ameandaa vikombe viwili. Akaniuliza mbona mtoto bado hajaamka. Mungu wangu, niliumia. Nikatafuta namba ya Ujerumani kwenye simu yake, nikampigia yule mwana, nikamweleza yote, huku nalia bila aibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nisihangaike, baba yake ni mwigizaji, anajua kuwaliza watu. Akakata.

Papa alikuwa amesimama kando yangu, amenyoosha mkono nimpe simu.