Mashine ya Wajawazito Mgongoni Mwangu

Nitaongea nikiwa nimekaa, mnisamehe. Tangu ile homa miguu inachoka upesi, na mimi mwenyewe nimechoka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Rwamgasa, nikiwapikia wachimba dhahabu ugali na maharage. Nilikuwa mnene na nguvu ninazo, sufuria la watu hamsini naliinua peke yangu. Na mume wangu Masanja tulikuwa na miaka tisa bila mtoto. Mimba tatu zilitoka.

Homa ilianza Jumatatu, nikameza klorokwini nikidhani ni malaria. Jumatano kichwa kiliniuma hadi nikatapika, shingo ikakaza, nikajikojolea bila kujua. Masanja akanipakia kwenye lori hadi hospitali.

Daktari alisema, "Nahofia homa ya uti wa mgongo. Tutoe maji ya mgongo tuyapime, tujue dawa."

Walinilaza ubavu, magoti kifuani. Sindano ikagonga mfupa. Ya pili, mfupa tena. Nesi akasema nyama ni nyingi, mifupa haishikiki. Masanja akauzuia mkono wa daktari.

"Basi, daktari. Kule kwetu tunajua, ukitolewa maji ya mgongo hutarudi nyumbani. Mwacheni."

Daktari hakubishana. Akaagiza mashine ya ultrasound isukumwe kutoka wodi ya wazazi, ambako ilikuwa ya wajawazito, hadi kitandani kwangu. Masanja alipoiona alisogea pembeni, akasema, "Sawa. Chomeni."

Walinipaka jeli ya baridi. Daktari akautafuta mwanya wa mifupa kwenye kioo, akautia alama kwa kalamu, akachoma hapo. Maji yakatoka meupe, kama yaliyooshewa mchele. Nikachomwa sindano za dawa wiki mbili, makalio yakavimba. Sikio la kushoto halisikii mpaka leo.

Siku ya kuruhusiwa Masanja akauliza, "Na mtoto wanasemaje?"

"Mtoto gani?"

Akakaa chini. "Ile mashine nilijua wameileta kumwangalia mtoto tumboni. Ndiyo maana nilikubali."

Namshukuru Mungu, na daktari yule. Nanyi mkiambiwa maji ya mgongo, kubalini mapema. Wengi wanaokufa wamefikishwa hospitali wamechelewa, sindano inasingiziwa tu.

Masanja namshukuru pia, tunaishi vizuri. Ila sijawahi kumuuliza angejibu nini siku ile, kama angejua kitandani nilikuwepo mimi tu.